Siku Kituo Kilipokosa Sare

Asubuhi ya siku ya nne maji ya sabuni yalikuwa bado yanatiririka kutoka chini ya mlango wa banda la kufulia, yakikata ua katikati na kuingia mferejini. Mke wa dobi alisimama hapo na kikombe cha chai mkononi, akayatazama. Nguo zikifuliwa mara ya kwanza hutoa maji meusi, mara ya pili ya kijivu, mara ya tatu meupe. Haya yalikuwa meupe kabisa, na yalikuwa meupe hivyo tangu juzi.

“Baba watoto,” aliita. “Fungua unywe chai. Nimeitia sukari nyingi.”

“Bado chafu,” sauti ilijibu kutoka ndani. “Nikikamua bado zinatoa.”

“Zinatoa nini?”

Bomba lilifunguliwa tena.

Wifi yake, dada mkubwa wa dobi, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na kopo lake la vifungo mapajani. Kazi yake katika biashara ile ilikuwa kushona vifungo vilivyong’oka, na kwa siku nne hakuletewa hata kimoja.

“Unamwambia sukari kama mgeni,” wifi alisema. “Mwenzio hata maji hajagusa, ila ya kufulia.”

“Sasa nimwambie nini?”

“Usimwambie kitu. Tumwite seremala na wale wapakuzi wawili wa mizigo wa barabarani. Wavunje mlango, wamfunge kamba, apelekwe hospitali. Mambo kwisha.”

“Kamba hapana.”

“Basi polisi.”

“Hao ndio hapana kabisa, wifi.”

Wifi akafunga kopo. Naye alikuwepo miaka mitatu iliyopita, ugonjwa ulipomjia ndugu yake kwa mara ya kwanza. Askari watano walishuka kwenye gari, wakamlaza kifudifudi pale pale uani, mmoja akamkalia mgongoni, na pingu zikabanwa mpaka ngozi ikachanika. Hospitalini alikaa wiki mbili akapata nafuu. Lakini ilichukua miezi mitano mingine kabla hajathubutu kutoka kwa mlango wa mbele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Mke wa dobi mpaka leo gari likifunga breki nje, huacha alichoshika na kwenda kuangalia komeo.

Hata hivyo sare za kituo cha polisi ziliendelea kuja. Askari wale watano walihamishwa, wakaja wengine, na hapakuwa na mtu mwingine karibu aliyejua kuutia mkono wa shati wanga mpaka usimame peke yake. Kila askari alikuwa na sare mbili: moja mwilini, moja kwa dobi. Wiki hii mkubwa kutoka makao makuu angekuja kukagua gwaride, na dobi alipeleka salamu kituoni kwamba walete zote mbili azisafishe kwa pamoja. Wakaleta. Miaka kumi na moja hajawahi kupoteza hata soksi, nani angemshuku? Mkewe ndiye aliyepaswa kushtuka, na kwa hilo alijilaumu tangu lilipomjia akilini. Alipoona marobota yanaingia alifurahi tu kwamba kazi ni nyingi.

Gwaride lilikuwa kesho.

“Nakwenda kituoni,” alisema, akiweka kikombe chini karibu na mlango. “Nitawaomba watuongeze siku moja. Sitawaambia kingine.”

“Utadanganya nini?”

“Nitasema wanga umeisha.”

“Haya,” wifi alisema. “Lakini wewe kudanganya hujui. Uso wako ni kama dirisha.”

Pale kituoni mke wa dobi alidhani ameingia ofisi siyo. Nyuma ya kaunta alikaa sajenti mnene, shati lake lina maua mekundu na ndege wa njano. Askari mmoja alipita na fulana ya timu ya mpira, mwingine amevaa koti la harusi lisilo na suruali yake. Wote, hata hivyo, walikuwa na buti nyeusi zilizong’aa, maana buti hazipelekwi kwa dobi.

“Ehe! Mwenye mali yetu huyo,” sajenti alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mahabusu. “Mama, jana nimekwenda kumkamata mwizi na shati hili. Unajua aliniambiaje? Aliniuliza nauza nini.”

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mke wa dobi alicheka nao, kwa kuwa mtu akichekwa usipocheka unabaki peke yako.

“Samahani sana, afande. Nimekuja kuomba siku moja. Wanga umeisha.”

“Wanga umeisha? Basi tupe hivyo hivyo, tutakaguliwa tumelegea.”

“Hazijakauka.”

“Siku nne?” Sajenti aliacha kucheka. “Jua lote hili? Mama, dobi yuko wapi?”

“Yuko kazini.”

“Nitume mtu azifuate.”

“Usitume mtu!” alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Alijaribu kuishusha. “Mlango umefungwa, afande. Amejifungia. Hajalala, hajala, anafua zile zile. Lakini hajamgusa mtu, wala hajamtukana mtu. Nakuomba, usiandike.”

Maneno yalikwisha toka. Aliitazama kalamu ya sajenti kama mtu anavyoitazama sindano ya daktari.

Sajenti hakuiinua. Aligeuka akaita, “Koplo! Njoo. Ile yetu imekuja.”

Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa gauni la kawaida na buti, daftari dogo mkononi. Mwezi uliopita yeye na sajenti walikuwa wamepelekwa kwenye mafunzo ya siku tano, kufundishwa namna ya kumwendea mtu aliyezidiwa na ugonjwa wa akili. Mwalimu alikuwa muuguzi, na pamoja naye mzee mmoja aliyewahi kuugua mwenyewe. Katika mazoezi ya kuigiza sajenti ndiye aliyewekwa kuwa mgonjwa kila siku, kwa sababu alipiga kelele vizuri. Siku ya tatu wapishi walikimbia na miko yao. Koplo ndiye aliyekuwa akimtuliza. Lakini mgonjwa wa kweli hakuwa amekutana naye bado, na daftari lile alilishika kama mtu asiyejua kuogelea anavyoshika ubao.

“Mama,” koplo alisema, akitoka nyuma ya kaunta na kukaa naye kwenye benchi. “Ingekuwa juu yako, ungetaka tufanyeje?”

Mke wa dobi hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu wa serikali.

“Ningetaka msije,” alisema.

“Na tusipokuja, mtamfanyaje?”

Alifikiria seremala, na wapakuzi wawili, na kamba. Machozi yakamjia, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

“Atembee kwa miguu yake,” alisema. “Hilo tu. Safari hii atoke kwa miguu yake.”

“Siwezi kukuahidi,” koplo alisema. “Ila nitajaribu mpaka jua lizame.”

Walikuja watatu: koplo, sajenti na dereva. Gari liliachwa mbali kidogo, injini imezimwa. Majirani hawakuhitaji injini. Walikwisha jipanga juu ya ukuta wa uani kama shomoro, na mama mmoja alikuwa amebeba kigoda kabisa.

“Wamekuja kumchukua kichaa!”

“Kichaa ni wewe uliyepanda ukuta na mimba ya miezi minane,” wifi alimjibu. “Shuka, usije ukazalia kwangu.”

Sajenti aliwaondoa mmoja mmoja kwa upole uliowashangaza, akisema, “Nyumbani jamani, nyumbani, hata nyie mtaugua siku moja mje mpangiwe watu ukutani kama hivi.” Shati lile la maua lilimsaidia. Hakuna aliyelichukulia kwa ubaya.

Koplo alisimama hatua tano kutoka dirisha la banda, lenye wavu wa kuku. Ndani aliona mgongo wa mtu mwembamba ameinama juu ya beseni, na marobota ya sare mbichi mpaka darini.

“Fundi,” alisema. “Mimi ni koplo wa kituoni. Mkeo amenileta. Sikuja kukukamata.”

Mgongo ulisimama.

“Naelewa unavyojisikia,” koplo akaendelea, kama ilivyoandikwa daftarini.

“Unaelewa?” Dobi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. “Umefua sare ngapi wewe?”

“Hakuna. Hata yangu unafua wewe.”

“Basi huelewi.”

“Kweli,” koplo alisema. “Sielewi.” Akafunga daftari. “Niambie.”

Ikachukua muda, bomba likifunguliwa na kufungwa. Kisha akaanza, kwanza polepole, halafu kwa kasi ambayo maneno yalikanyagana. Kulikuwa na kitu kwenye mikono ya mashati, kilichoingia ndani ya uzi. Alikisikia akikamua. Anayevaa shati lenye kitu hicho ataumiza mtu, atake asitake, na kosa litakuwa la dobi, kwa sababu dobi aliona akanyamaza.

Mke wa dobi, amesimama nyuma, aliziba mdomo. Wifi alitazama chini.

Pale mafunzoni waliambiwa: usimbishie, na usimkubalie. Koplo alikuwa ameliona ni jambo rahisi mpaka dakika ile.

“Mimi kitu hicho sikioni, fundi,” alisema. “Ila naona mikono yako inatoka damu. Na naona unajali tusimuumize mtu. Hilo hata mimi najali.”

Dobi aliitazama mikono yake, ngozi imechunika vidoleni. Alionekana kushangaa, kama ni ya mtu mwingine.

“Inauma,” alisema.

“Naona. Hospitali wana dawa ya mikono, na ya kulala pia. Fungua mlango tuzungumze vizuri. Mimi na mkeo tu.”

Komeo lililia. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, halafu wa bega. Mke wa dobi aliuona uso wa mumewe kwa mara ya kwanza tangu juzi, akapiga hatua.

Ndipo Mkuu wa kituo alipoingia uani.

Alikuja kwa ajili ya sare zake, na alivaa suruali ya michezo na shati alilokuwa akipakia rangi nyumba yake. Lakini mkuu ni mkuu. Sajenti na dereva walipomwona hawakuwaza. Miguu iliwaza kwa niaba yao. Buti nne zilipiga saruji kwa pamoja, na midomo miwili ikabweka: “Jambo, afande!”

Mlango ulijibamiza. Kitu kizito kilisukumwa nyuma yake.

“Buti!” dobi alipiga kelele ndani. “Nimesikia buti! Umesema wewe na mke wangu tu!”

“Mungu wangu,” sajenti alisema, akijishika kichwa. “Mungu wangu, nimesahau. Nimesahau kabisa.”

“Kuna nini hapa?” Mkuu aliuliza. “Koplo, sare ziko wapi? Mlango huo ni wa mbao, unasubiri nini?”

Katika siku zile tano jambo lililobishaniwa zaidi lilikuwa hili: anayezungumza na mgonjwa ndiye mkubwa wa pale, hata akija nani. Maafisa walicheka. Mmoja aliuliza, na akija mkuu wangu? Mwalimu akasema, mpe kazi ya kufanya. Darasani lilichekesha.

“Afande,” koplo alisema. “Naomba ukae chini.”

“Unasemaje?”

“Ukae chini, afande. Uvue viatu. Na usiseme neno. Wote.”

Sajenti alikuwa wa kwanza. Alijitupa chini akaanza kufungua kamba za buti zake kwa haraka kama zinaungua. Dereva akafuata, na koplo mwenyewe akavua zake. Mkuu alimtazama koplo, akamtazama mke wa dobi aliyekuwa amepiga magoti mbele ya mlango na kiganja chake kwenye mbao. Kitu fulani katika kiganja kile kilimfanya alegee. Akaivuta ndoo iliyofunikwa, akaikalia, akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu la kidole gumba.

“Fundi,” koplo alisema. “Tulikosea. Zile zilikuwa salamu zetu, si zako. Sasa buti zote zimevuliwa. Chungulia uone.”

Walikaa hivyo muda mrefu. Jua lilisogea kutoka jikoni mpaka katikati ya ua. Wifi alileta maji kwa bilauri, akawapa askari mmoja mmoja, akafika kwa Mkuu, akaitazama soksi yake.

“Nipe hiyo niishone,” alinong’ona. “Aibu.”

Mkuu akampa.

Hatimaye uso ulitokea nyuma ya wavu. Dobi aliwahesabu kwa macho, akahesabu miguu, kisha akakunja kipaji.

“Nani amekalia ndoo yangu ya wanga?”

Mkuu aliruka. “Samahani, fundi.”

“Hizi nilizokamua zikikaa hivi zitavunda,” dobi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kazi. “Kamba ziko tupu.”

“Tuanike?” koplo aliuliza. “Wewe utoe, sisi tuanike. Ukiona hapana, tunarudisha.”

Wavu ulinyanyuliwa pembeni, na shati moja likatoka, zito, linachuruzika. Koplo alilipokea kwa mikono miwili. Likatoka la pili, la tatu. Askari wakajipanga, wakapokezana peku kama watu wanaozima moto. Mwisho wa mstari alikuwa Mkuu, kwa kuwa alikuwa mrefu, na ndiye aliyekuwa akining’iniza. Alifanya kwa bidii. Alilivuta shati mabegani, akabana vibanio kwenye mishono, moja baada ya jingine, na alipofika la sita akarudi nyuma kidogo kujisifia.

“We!” dobi aliita dirishani. “We mrefu! Ndivyo gani hivyo?”

“Ndivyo vipi, fundi?”

“Unalinyonga! Shati linaning’inizwa kwa pindo, kichwa chini. Ukilibana mabegani linatoa pembe. Mtu akilivaa ana mapembe kama mbuzi!”

“Hivi?”

“Sivyo!”

“Hivi basi?”

“Yarabi, mtu huyu!” Kitu kizito kilisukumwa nyuma ya mlango. Komeo lilifunguka. Dobi akatoka, amelowa mpaka kiunoni, akapita katikati ya askari bila kuwatazama, akamnyang’anya Mkuu vibanio. “Tazama. Pindo. Kibanio kwenye mshono wa ubavu, hakiachi alama. Halafu unalikung’uta. Kung’uta!”

Mkuu akakung’uta.

Hakuna aliyemkimbilia. Mke wa dobi alijizuia kwa nguvu zote, akaenda tu kusimama upande wa pili wa kamba na kushika ncha ya pili ya nguo, kama alivyofanya miaka yote. Walianika pamoja mashati kumi na mawili. Kwenye la kumi na tatu mikono ya dobi ilishuka.

“Nimechoka,” alimwambia mkewe, kwa sauti ndogo. “Mama watoto, sijui kwa nini siwezi kuacha.”

“Najua umechoka.”

“Bado chafu?”

Mkewe alimtazama koplo, kisha akamtazama mumewe. “Mimi naona safi. Lakini tukamuulize daktari kwa nini wewe huoni.”

Alikubali kwa kichwa. Alikunywa maji, bilauri mbili. Kisha akaona kiuno cha sajenti: chini ya maua na ndege zilining’inia pingu. Akarudi nyuma hatua moja, akavificha vifundo vya mikono kwapani.

Sheria ya kituo ilisema kila anayepanda gari lile afungwe pingu. Sajenti aliijua, dereva aliijua, na wote walimgeukia Mkuu, aliyekuwa mguu mmoja na soksi, mguu mmoja bila.

“Zivue,” Mkuu alisema.

“Nizipeleke garini, afande?”

“Ziache hapa. Mpe bibi.”

Wifi alizipokea kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. “Nizifanyie nini?”

“Zina kifungo kilichong’oka,” sajenti alisema, na wifi akacheka mpaka akakaa chini. Hata dobi alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo.

“Na gwaride, afande?” dereva aliuliza.

“Tutakaguliwa na mikunjo yetu. Nitamwambia mkubwa tulimpa dobi likizo.”

Dobi alikaa kiti cha mbele. Mkewe na koplo walikaa nyuma, na dirisha la dobi liliachwa wazi kwa sababu aliomba hivyo. Njiani alilala, akaamka, akauliza kama nguo zimeanuliwa, akalala tena. Walipofika hakuna aliyemshika mkono. Alishuka mwenyewe, akashikilia mlango wa gari kwanza, kisha akapanda ngazi tatu za hospitali, akipumzika kwenye ya pili.

Ndani, muuguzi wa mapokezi alikuwa na daftari kubwa la mistari. Aliandika jina, umri, kazi. Alimwona koplo na buti zake, na bila kuuliza akasogeza kalamu kwenye nafasi ya mwisho, ile inayouliza mgonjwa ameletwa na nani. Akaanza kuandika polisi.

“Sivyo,” dobi alisema. Alikuwa ameegemea kaunta kwa viganja vyote viwili, ambavyo mkewe alikuwa amevifunga kitambaa kabla hawajaondoka. “Andika nimekuja mwenyewe.”

Muuguzi alimtazama mke wa dobi, maana watu wa namna hii ndugu zao ndio huulizwa.

“Muulize yeye,” mke wa dobi alisema. “Yupo hapa.”

“Na wewe afande?”

“Sisi tulikuwa tunapita huku,” koplo alisema.

Muuguzi akalikata neno aliloanza, kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: Mwenyewe. Dobi aliinama akalisoma herufi kwa herufi. Kisha akaomba aonyeshwe kitanda.